Mgongo Unaouma Miezi na Miezi

Msimu wa palizi ukianza, benchi la zahanati hujaa watu waliojishika kiuno. Wengi ni akina mama. Ukiwauliza wanaumwa nini, hujibu, "Figo." Akina baba hujibu, "Ngiri." Mimi huwauliza tena polepole. Je, ukikojoa unasikia maumivu? Je, ukiinama maumivu yanazidi? Ukitembea kidogo unapata nafuu? Mara nyingi tunaona kwamba si figo wala si ngiri. Ni misuli na viungo vya kiuno.

Ugonjwa huu ni wa watu wengi. Mwaka 2020 watu wapatao milioni 619 duniani walikuwa wanaumwa kiuno. Hiyo ni sawa na mtu 1 katika kila watu 13. Wengi hupona baada ya majuma machache. Lakini wengine huumwa zaidi ya miezi 3. Hayo ndiyo maumivu sugu, na ndiyo tutakayojifunza leo.

Fikiri kazi za mama wa kijijini. Tangu asubuhi ameinamia jembe la mpini mfupi, na mtoto yuko mgongoni. Jioni anachota maji. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20. Bado kuni. Usiku halali, anawaza chakula na madaftari ya watoto. Mtu mwenye mawazo na uchovu husikia maumivu kwa nguvu zaidi. Hajisingizii. Maumivu yake ni ya kweli.

Mama mmoja aliletwa kwangu kwa baiskeli. Alikuwa amelala kitandani miezi 2. Mumewe alikwisha kuuza mbuzi 2 ili kulipia sindano za mtu anayetembeza dawa. Kila sindano ilimpa nafuu ya siku 2 au 3, kisha maumivu yakarudi. Aliogopa kuinuka, akidhani mgongo utavunjika. Nilimpima. Miguu ilikuwa na nguvu. Hakuwa na homa, wala hakukonda. Nikamwambia, "Mama, mgongo wako haujavunjika. Misuli imelegea kwa kulala. Inuka utembee."

Akaniangalia. "Mwanangu," akasema, "wewe umewahi kulima siku nzima na mgongo kama huu?"

Sikuwa na jibu. Basi hatukuanza na kulima. Tulianza na kutembea kutoka mlangoni hadi kwenye mwembe, asubuhi na jioni. Juma la pili alifika kwa jirani. Nilimfundisha pia mazoezi ya mkekani. Lala chali, kunja magoti. Vuta goti moja kifuani, hesabu hadi 10, kisha goti la pili. Halafu inua makalio kidogo na uyashushe, mara 10. Ukisikia maumivu kidogo usiogope. Yakizidi sana, punguza, lakini usiache.

Mumewe alikubali kuchota maji kwa baiskeli. Wanaume wenzake walimcheka, kisha wakazoea. Baada ya miezi 2 mama yule alirudi shambani kwa nusu siku. Sasa anabadilisha kazi: akilima kidogo, anasimama na kunyoosha mgongo, kisha anapanda mbegu. Maumivu hayakuisha yote. Lakini anapika, anatembea, na mbuzi waliobaki hawauzwi.

Je, dawa? Vidonge kama ibuprofeni husaidia kwa muda mfupi. Vinywe baada ya kula, kwa kipimo ulichopewa zahanati. Ukivinywa ovyo huleta vidonda vya tumbo na kuharibu figo. Ndiyo, figo zile zile unazoziogopa! Mwenye mimba asivinywe bila kuuliza. Kukandwa kwa kitambaa cha maji ya moto hakuna ubaya, mradi maji yasiunguze. Lakini usichanjwe kwa wembe uliotumiwa na mtu mwingine. Unaweza kupata UKIMWI au homa ya ini. Mikanda ya kiuno pia usinunue. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya maumivu sugu ya kiuno. Linashauri elimu na mazoezi. Mikanda hiyo halishauri.

Sasa sikiliza vizuri. Kuna maumivu ya mgongo ambayo si ya kutibu kwa mazoezi. Kifua kikuu hakikai kifuani tu. Huweza kula mifupa ya mgongo. Ukiwa na homa za jioni, jasho la usiku, unakonda, au nundu inatokea mgongoni, nenda zahanati upesi. Nchini Tanzania dawa za kifua kikuu hutolewa bure. Nenda pia kama ulianguka kutoka mtini, au ukikojoa kwa maumivu na una homa.

Na kama miguu inakosa nguvu, au sehemu za siri na makalio yamekufa ganzi, au mkojo haushikiki au hautoki, usingoje kesho. Tafuteni usafiri usiku huo huo, mgonjwa afike hospitali. Akichelewa anaweza kupooza.

Maswali ya kujadili darasani:
Katika kaya yako, nani anachota maji, na kwa siku ndoo ngapi?
Kijijini kwenu, mgonjwa akizidiwa usiku, chombo gani kitampeleka hospitali, na nani ataamshwa kwanza?