Mteja wa Siri: Jinsi ya Kuandika Bila Kujulikana

Wengi wenu mna hoteli ndogo sokoni. Mwenyekiti akiingia, meza inapanguswa mbio na chai inakuja ikitoa moshi. Lakini mteja wa kawaida anapata nini? Hapo ndipo mteja wa siri anahitajika: mtu asiyejulikana pale, anayekula, kulipa na kuondoka, halafu anawaletea habari. Muombeni mwanachama wa kikundi cha parokia jirani, nanyi mtamfanyia vivyo hivyo. Wahudumu waambiwe mapema kwamba mwezi huu mgeni atakuja, ila siku isitajwe. Kuwaficha kabisa ni kuwatega.

Ugumu uko kwenye kuandika. Akitoa daftari mezani, habari zitafika jikoni kabla chakula chake hakijatoka. Watadhani ni mtu wa kanjo au wa afya, na tangu hapo ataletewa nyama kubwa kubwa. Akisema atakumbuka yote kichwani, jioni atabaki na "huduma si mbaya", na hiyo haimsaidii mtu.

Njia tunayoipenda sisi ni orodha ya dukani. Nani atashangaa kuona mtu ameandika vitu vya kununua? Patanani naye kabla. Mayai ni dakika tangu kuagiza mpaka chakula kufika. Sabuni ni sabuni kweli, pale pa kunawia. Kiberiti ni wateja walioondoka bila kuhudumiwa. Basi akiandika "mayai 17, sabuni 0, kiberiti 2", mmeshapata habari tatu. (Chagueni vitu vinavyolingana na hesabu. Mayai 17 ni sawa. Viberiti 17 vitafanya jirani wa meza achungulie.)

Simu pia inafaa, maana siku hizi kila mtu ameinamia yake. Aandike kama anayejibu ujumbe, lakini asipige watu picha. Akilipa kwa M-Pesa, ujumbe unaoingia una tarehe, saa na kiasi, kwa hivyo hayo hana haja ya kuyaandika. Chooni ataandika kwa utulivu, na choo chenyewe kinahitaji kuangaliwa. Ila aende mara moja tu. Akienda mara tatu watamwonea huruma.

Akitoka, asikimbilie matatu. Atafute kivuli aandike yote kwa urefu wakati bado anayakumbuka.

Sasa hapa tuwe waangalifu. Karatasi hiyo inaweza kumfutisha kazi msichana wa watu ambaye analipia wadogo wake karo. Kwa hivyo mgeni aandike alichoona na alichosikia. "Mhudumu ni mvivu" ni hukumu. "Nilikaa dakika 9 kabla ya kuulizwa ninataka nini, mhudumu alikuwa mmoja, meza 8 zimejaa" ni habari, tena pengine inaonyesha kosa ni la kamati iliyoajiri mtu mmoja. Hata kwa pesa ni hivyo hivyo. "Nililipa shilingi 150, sikupewa risiti" inatosha. Asiongeze kwamba keshia ni mwizi. Kumbe huenda kitabu cha risiti kiliisha na hakuna aliyenunua kingine. Wala msimhukumu mtu kwa ziara moja. Tumeni wageni wawili au watatu, na mmoja wao aende siku ya soko.

Vyeti vya afya vya wapishi, ambavyo wanatakiwa kupimwa upya kila miezi 6, ni kazi ya kamati. Mgeni akianza kuulizia vyeti, amejitoboa.

Zoezi la mkutano ujao: Mwanachama mmoja awagawie wengine chai. Wawili waketi kama wateja, kila mmoja na orodha yake ya dukani, na wasiambiane wanaandika nini. Baada ya nusu saa wasome mbele ya wote. Kikundi kifute kila neno ambalo ni maoni tu, halafu mlinganishe yaliyobaki: je, wote wawili waliona dakika zile zile?