Chakula cha Mtoto Kisiende Chote Sokoni

Wakulima wengi wa skimu wanajua soko la Kangemi, kando ya barabara ya Waiyaki, Nairobi, jirani na mtaa wa Mountain View. Mboga ni tele sokoni humo. Hata hivyo, katika vyumba vya mabati vilivyo karibu, mtoto wa mtu asiye na kazi huweza kulala na njaa.

Mwaka 1992 Padre Angelo D'Agostino, Mjesuti aliyekuwa daktari pia, pamoja na Sista Mary Owens, walianzisha Nyumbani, makao ya watoto yatima wenye virusi vya Ukimwi. Makao moja hayakuweza kupokea watoto wote. Kwa hiyo mwaka 1998 ikaanzishwa kazi ya Lea Toto, ya kuwatunza watoto wakiwa kwa jamaa zao, na Kangemi ilikuwa miongoni mwa mitaa iliyohudumiwa. Pamoja na dawa walitoa chakula, kwa maana mtoto aliyekonda hapati nguvu kwa dawa peke yake.

Ninyi wakulima mna ng'ombe, kuku na maharagwe. Lakini maziwa yote yakienda kwa chama na mayai yote dukani, mtoto hubaki na uji mweupe asubuhi na ugali jioni. Tumbo lake limejaa, lakini mwili haupati cha kuujenga. Wako wanaopima maziwa ya ndama kwa uangalifu kuliko ya mtoto!

Mwaka 1935 Daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi Ghana, aliandika habari za kwashakoo. Jina hilo ni la Waga wa huko, nalo ni ugonjwa wa mtoto aliyeachishwa ziwa mdogo wake alipozaliwa. Miguu huvimba, nywele huwa nyekundu na kung'oka upesi, ngozi hubanduka, na mtoto hataki kucheza. Msidanganywe na mashavu yaliyojaa. Huo ni uvimbe. Bonyeza miguu yote miwili kwa kidole gumba, uhesabu polepole mpaka tatu. Shimo likibaki, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, wala usijaribu kumshibisha kwanza nyumbani, kwa sababu chakula kingi cha ghafula huweza kumwua.

Kwa mtoto mzima, maziwa ya mama peke yake yatosha mpaka miezi 6. Kisha aanze uji mzito, huku akiendelea kunyonya mpaka miaka 2 au zaidi. Huko Malawi wanao uji uitwao kwa jina la Likuni, mahali penye misheni karibu na Lilongwe. Changanya vikombe 4 vya unga wa mahindi na kikombe 1 cha unga wa soya. Soya ni lazima ikaangwe kabla ya kusagwa, kwani soya mbichi huzuia tumbo kutumia chakula. Mahindi yenye ukungu yasitumiwe kabisa. Ukiwa na maziwa au yai, tia humo.

Mtoto wa miezi 6 hadi 8 ale mara 2 au 3 kwa siku, na aliyezidi hapo mara 3 au 4, katika sahani yake mwenyewe. Kwenye kliniki mwombe mwuguzi ampime mkono wa juu kwa utepe. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, kipimo kikiwa chini ya sentimita 11.5, anahitaji matibabu mara moja.