NIMENUNUA DISKI: JE, WIMBO NI WANGU?

Nia yangu katika makala haya ni kukueleza jambo ambalo vijana wengi hulitenda kila siku bila kulitafakari, nalo ni kunakili nyimbo. Nitazungumza hasa juu ya madijei, kwa maana wao ndio wanaonunua nyimbo, kuzinakili, kuzichanganya na kuzipiga mbele ya umati. Dijei akinunua diski kwa pesa zake mwenyewe, je, ana haki ya kuinakili apendavyo? Wengi watasema, "Si nimenunua? Ni yangu bwana!" Hebu tuone kama sheria ya Kenya inakubaliana nao.

HAKIMILIKI NI NINI?

Hakimiliki ni haki ambayo sheria humpa mtu aliyebuni kazi kama vile kitabu, picha au wimbo, ili yeye ndiye aamue nani aitumie na kwa njia gani. Nchini Kenya haki hii inalindwa na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001, iliyoanza kutumika mwezi wa Februari 2003 ikachukua mahali pa ile ya mwaka wa 1966. Imefanyiwa marekebisho baadaye, yakiwemo ya mwaka wa 2019. Katiba yetu ya mwaka wa 2010 nayo, katika kifungu cha 40, inaitaka serikali ilinde mali ya ubunifu ya wananchi. Kwa hivyo wimbo ni mali kama vile ng'ombe. Tofauti ni kwamba ng'ombe akiibiwa zizi hubaki tupu, lakini wimbo ukinakiliwa ule wa kwanza unabaki pale pale. Ndiyo maana watu hudhani hakuna aliyeibiwa.

Chukua mfano wa kitabu cha fasihi. Ukikinunua, unaweza kukisoma mara mia, kumpa ndugu yako, hata kukiuza ukimaliza mtihani. Lakini je, unaweza kukipeleka kwenye duka la fotokopi, utoe nakala hamsini uwauzie wanafunzi wenzako? La hasha! Karatasi ulizonunua ni zako, lakini maneno ni ya mwandishi. Diski nayo ni vivyo hivyo.

WIMBO MMOJA, WENYEWE WATATU

Jambo linalowatatiza wengi ni kwamba wimbo mmoja huwa na wenyewe zaidi ya mmoja. Kwanza kuna mtunzi, yaani aliyebuni maneno na sauti za wimbo. Pili kuna waimbaji na wapiga ala. Tatu kuna mtayarishaji, yaani yule aliyegharamia kurekodiwa kwa wimbo. Wakati mwingine mtu mmoja hufanya kazi zote tatu, lakini sheria huzitazama kama haki mbalimbali.

Haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote, kisha miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki. Haki ya rekodi hudumu miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Hebu tupige hesabu. Rekodi ya mwaka wa 1990 inalindwa hadi mwisho wa mwaka wa 2040. Kwa hivyo wale wanaosema ati zilizopendwa hazina wenyewe, hawajapiga hesabu vizuri. Na hata muda wa rekodi ukiisha, huenda mtunzi bado yu hai.

Usidhani pia kwamba nyimbo za nje ni za bure. Kenya ilijiunga na Mkataba wa Berne mwaka wa 1993, na majirani zetu wa Tanzania wakajiunga mwaka wa 1994. Chini ya mkataba huo, nchi wanachama hulinda kazi za wananchi wa nchi nyingine. Hivyo basi wimbo wa Dar es Salaam una ulinzi hapa kwetu kama ule wa Mombasa.

KUNUNUA NI KIMOJA, KUNAKILI NI KINGINE

Sasa tumwangalie dijei. Katika kazi yake hufanya mambo manne:

1. Hunakili nyimbo kutoka kwa diski alizonunua na kuzitia kwenye kipakatalishi au flashi.
2. Huzipiga hadharani, kwa mfano harusini au kwenye kilabu.
3. Huzichanganya na kurekodi mchanganyiko wake.
4. Huuza au kusambaza mchanganyiko huo.

Pesa alizolipa dukani zilimpa diski ya kusikiliza. Hazikumpa hata moja katika haya manne. Sheria inayaachia nafasi matumizi ya kibinafsi, lakini dijei anayelipwa kupiga muziki mbele ya wageni mia tatu hawezi kusema hayo ni matumizi yake ya kibinafsi.

Hapa ndipo madijei wengi hujikwaa. Utamsikia mmoja akisema, "Mwenye kilabu ameshalipia leseni, mimi sina shida." Ni kweli kwamba mwenye ukumbi hulipia leseni ya kupiga muziki hadharani. Lakini leseni hiyo inahusu kupiga, si kunakili. Ile nakala iliyo ndani ya kipakatalishi ilifanywa nyumbani kwa dijei, na haihusiani na ukumbi. Anahitaji ruhusa nyingine kwa ajili yake.

Tofauti hii inaonekana wazi kule Uingereza. Huko dijei anayenakili nyimbo alizonunua ili azitumie kazini hutakiwa kuwa na leseni ya kunakili iitwayo ProDub, mbali na ile ya ukumbi. Hata mtu wa kawaida huko hana uhuru alioudhani. Mwezi wa Oktoba 2014 sheria ilimruhusu kunakili diski yake kwa matumizi ya kibinafsi, lakini mwezi wa Julai 2015 Mahakama Kuu ikaibatilisha ruhusa hiyo.

Na anayelipia huduma ya kusikiliza muziki kwa intaneti je? Huyo ndiye hajanunua hata diski. Masharti ya Spotify, kwa mfano, yanasema ni kwa matumizi ya kibinafsi, si ya biashara. Kuipiga harusini ni kuvunja mapatano.

LESENI HUTOLEWA NA NANI?

Si rahisi dijei kumtafuta kila mtunzi mlangoni kwake. Kwa sababu hiyo kuna vyama vinavyokusanya mrabaha kwa niaba ya wasanii. MCSK kilianzishwa mwaka wa 1983 kwa ajili ya watunzi. KAMP kiliundwa kwa ajili ya watayarishaji, na PRISK kwa waimbaji na wapiga ala. Vyama hivi husimamiwa na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, ambayo wengi huiita KECOBO.

Kuwa na jina kubwa hakutoshi. Chama hakiruhusiwi kukusanya pesa bila leseni ya KECOBO, na leseni hiyo ina muda wake. Mwaka wa 2017 KECOBO ilikataa kuipa MCSK leseni, ikakipa chama kingine kiitwacho MPAKE. Kwa hivyo kabla ya kumpa mtu pesa, uliza kwanza KECOBO ni vyama vipi vina leseni mwaka huu, kisha umwombe risiti. Ada zilizokubaliwa huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, kwa hivyo mtu asikutajie bei ya kichwani mwake.

JE, DIJEI SI MTANGAZAJI WA MSANII?

Tulipojadili mambo haya chamani, wenzangu walinijia juu. Walisema dijei humsaidia msanii kwa kumtangaza, na bila madijei nani angezijua nyimbo mpya? Hoja hii ina uzito, na siwezi kuipuuza. Mimi mwenyewe nina kaka ambaye hupiga muziki harusini kila wikendi, na sehemu ya karo yangu hutoka hapo. Sisemi haya ili nimkatie riziki.

Lakini fikirieni upande wa pili. Kuna kwaya mtaani kwetu iliyochanga pesa mwaka mzima ikarekodi diski. Leo nyimbo zake zinasikika kwenye matatu na harusini, lakini maboksi ya diski bado yamejaa nyumbani kwa mwenyekiti wao. Watu walishazipata kwa flashi kwa shilingi hamsini. Huko kutangazwa kumewaletea nini? Hawajapata pesa za kurekodi diski ya pili. Mtangazaji wa kweli huomba ruhusa. Wasanii wengi chipukizi wako tayari kumpa dijei wimbo bure aupige, na huo ni uamuzi wao. Kinachokosekana ni kuwauliza tu.

DIJEI AFANYE NINI?

Kwanza, anunue nyimbo kwa njia halali na aweke risiti. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Kwa diski na kanda, atazame kama zina kibandiko cha KECOBO.

Pili, aombe leseni ya kunakili na kupiga, na aulize waziwazi inaruhusu mambo gani kati ya yale manne.

Tatu, msanii akimpa wimbo bure, ruhusa iandikwe, hata kama ni kwa ujumbe wa simu. Maneno ya mdomo husahaulika.

Nne, asiuze mchanganyiko wake bila ruhusa ya wenye nyimbo. Hili ndilo hatari kuliko yote, kwa sababu kuuza nakala zisizo halali ni kosa la jinai, na mtu anaweza kutozwa faini au kufungwa.

Gharama ya leseni aiongeze katika bei yake, kama vile anavyoongeza nauli na kukodi spika. Kaka yangu alinisikiliza, akanuna kidogo, kisha akaniambia nimwandikie maswali ya kupeleka huko kwenye ofisi yao. Nimemwandikia.

Kwa kumalizia, wasomaji wenzangu, nawakumbusha kwamba baadhi yetu tunataka kuwa waimbaji na waandishi. Mla cha mwenziwe na chake huliwa. Tukiheshimu jasho la wengine leo, tutakuwa na uso wa kudai letu kesho.

MSAMIATI

Hakimiliki: haki ya mbunifu juu ya kazi yake.
Mrabaha: malipo anayopata mwenye kazi kila inapotumiwa.
Kunakili: kutoa kitu kingine kinachofanana na cha kwanza.
Kubatilisha: kuondolea jambo nguvu za kisheria.

MASWALI YA KUJADILI

1. Rekodi iliyofanywa mwaka wa 1985 italindwa hadi mwaka gani?
2. Mwenye ukumbi amelipa leseni. Eleza kwa nini dijei bado anahitaji ruhusa.
3. "Dijei ni rafiki wa msanii." Jadili.