Ukienda Mkunazini, Anza na Maonyesho, Malizia Kanisani

Ndugu na marafiki wakinipigia simu kwamba wanavuka kwenda Unguja, huniuliza waone nini kabla hawajakimbilia Nungwi na Paje kuoga baharini. Huwajibu bila kusita: Mkunazini. Ingieni Kanisa Kuu la Kristo, la Waanglikana, na yale maonyesho ya historia ya biashara ya watumwa yaliyo katika uwanja huohuo, palipokuwa soko la watumwa. Nimeshafuatana huko na wanafunzi, wageni wa harusi na wazee wa nyumbani, nikasikiliza waongozaji wa kila aina, wazuri na wa haraka haraka. Jambo moja nimelishika: pale ukitembezwa vibaya unatoka na picha za simu tu, ukitembezwa vizuri unatoka na historia yako mwenyewe. Kwa hiyo nitaeleza ninavyofanya mimi.

Usichanganye makanisa. Mji Mkongwe una makanisa makuu mawili. Lenye minara miwili inayoonekana kutoka baharini ni la Wakatoliki, la Mtakatifu Yosefu, na wenyeji huliita Minara Miwili. Ninalolisema hapa lina mnara mmoja, na liko upande wa Darajani. Ukishuka kwenye boti Malindi unaweza kutembea kwa miguu: fuata barabara mpaka soko la Darajani, halafu ulizia Mkunazini, kila mtu atakuonyesha. Njiani papasi, yaani waongozaji wa mitaani, watakufuata wakitaka kukutembeza mji mzima. Waambie asante kwa heshima, uendelee na safari. Tiketi hukatwa pale pale getini, na waongozaji wanaolijua jengo wapo hapo. Chukua kitambulisho, maana katika vivutio vingi nchini bei ya raia si ya mgeni. Vaa nguo ya kufunika mabega na magoti. Kina dada kanga moja begani inatosha. Na uwahi asubuhi. Mchana joto la Mji Mkongwe humlegeza hata mwenye hamu, na makundi ya watalii huwa yamejaa mpaka humsikii mwongozaji wako.

Sasa jambo ninalolisisitiza kuliko yote: omba utembezwe kwa Kiswahili. Waongozaji wengi wa pale hutumia siku nzima kuzungumza Kiingereza, Kifaransa au Kiitaliano, na kwa wageni wana maelezo waliyoyazoea, yamekaa sawasawa, yana mahali pa kusikitika na mahali pa kupiga picha. Ukimwambia, "Kaka, tuzungumze Kiswahili, nami nitakuuliza maswali," uso wake hubadilika. Anaacha kukariri. Anaanza kukuambia babu yake alikotoka, mtaa gani wanaishi watu wa asili ya Nyasa, nani mjini hapendi habari hizi zitajwe mezani.

Anza na maonyesho, wala usikubali kuanzia kanisani hata kama mwongozaji amezoea hivyo. Kanisa bila maonyesho ni jengo la mawe lenye vioo vya rangi. Maonyesho yamo katika jengo la zamani la misheni ya Waanglikana, na maelezo yake ubaoni yameandikwa kwa Kiswahili na Kiingereza, kwa hiyo mpe mwongozaji nafasi ya kupumua na usome mwenyewe. Hapa ndipo utakapoelewa mnyororo wote: misafara iliyotoka pande za Ziwa Nyasa ikishukia Kilwa Kivinje, na mingine iliyopita Ujiji na Tabora ikaja Bagamoyo, kisha majahazi ya kuvuka. Utaelewa pia kwamba watu hawakuletwa Unguja ili wasafirishwe Arabuni peke yake. Wengi walibaki hapahapa, Unguja na Pemba, kwenye mashamba ya mikarafuu yaliyopanuka tangu enzi za Sultani Seyyid Said. Wengine walikuwa wamekwisha kuchukuliwa na Wafaransa, miaka ya nyuma zaidi, kwenda visiwa vyao vya miwa katika Bahari ya Hindi.

Chumba hiki ndicho cha kumuuliza mwongozaji maswali magumu. Wapo wanaokufupishia mambo yote kwa sentensi moja: Waarabu walikuja, wakawachukua Waafrika. Muulize nani aliuza bara. Muulize nani alikopesha fedha za misafara, nani alinunua pembe na karafuu, kitambaa cha merikani kilichobadilishwa na watu kilifumwa wapi. Walikuwemo Waarabu, Waswahili, Wanyamwezi na Wayao, walikuwemo wenye mitaji kutoka India, na wanunuzi wa Ulaya na Marekani walikuwa wakisubiri bandarini. Simwombi mtu apunguze uzito wa alichofanya yeyote. Naomba hesabu iwe kamili, kwa sababu hesabu nusunusu ndiyo inayotumika hadi leo kuwatukana majirani.

Mwaka utakaousikia sana ni 1873. Sultani Barghash aliukataa kwanza mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa aliopelekewa na ujumbe wa Uingereza ukiongozwa na Bartle Frere. Mwaka mmoja nyuma kimbunga kilikuwa kimeng'oa mikarafuu ya Unguja, na uchumi ulikuwa umeyumba. Ndipo Waingereza wakatishia kukizingira kisiwa kwa manowari zao, na tarehe 5 Juni 1873 akatia saini pamoja na konsuli wa Uingereza, John Kirk. Masoko ya watumwa yakafungwa, na kuwasafirisha watu kwa bahari kukapigwa marufuku. Mwongozaji asiye makini ataishia hapo, kana kwamba kesho yake wote walikuwa huru. Muulize yaliyofuata. Utumwa wenyewe, yaani haki ya kumiliki mtu, uliendelea Zanzibar mpaka 1897, na hata hapo aliyetaka uhuru ilimpasa aende kuuomba mahakamani. Masuria waliachwa nje ya sheria ile mpaka 1909. Pwani ya Kenya ilikuwa 1907, na Tanganyika ni 1922. Ukizipanga tarehe hizo kwa umri wa bibi na babu zetu, utaona hatuzungumzii mambo ya kale sana.

Kutoka hapo mtashuka kwenye vyumba vya chini. Inama; dari iko chini na mtu mzima hawezi kusimama wima. Kuna majukwaa ya mawe pande zote mbili, mfereji katikati, na matundu membamba ya kuingizia mwanga na hewa. Minyororo imewekwa hapo ionekane. Utaambiwa kwamba ndimo walimofungiwa watu wakisubiri siku ya mnada, na idadi utakayotajiwa hubadilika kati ya mwongozaji na mwongozaji.

Nilikuwa na shangazi yangu siku moja, mwalimu mstaafu. Kijana aliyetutembeza alimwamkia vizuri, akaeleza kwa sauti ya chini yote yanayoelezwa mle ndani. Shangazi akamsikiliza mpaka mwisho, halafu akamuuliza, "Mwanangu, haya umeyajuaje?"

Kijana akanyamaza kidogo. "Mama, nikikwambia kweli, ya soko nimeyasoma, yameandikwa na waliolishuhudia. Ya chumba hiki tumeyapokea kwa waliotutangulia kazini. Wapo wataalamu wanaosema jengo la juu lilijengwa na misheni baada ya soko kufungwa, kwa hiyo chumba nacho ni cha baadaye."

"Basi waambie watu hivyohivyo," shangazi akasema. "Hawatakudharau."

Nami nasema alivyosema shangazi. Soko la Mkunazini lilikuwepo, halina mjadala, na watu waliuzwa juu ya ardhi hiyo unayoikanyaga. Wageni waliolitembelea waliandika walivyoona watu wakikaguliwa meno na misuli. Kama vyumba vile vilijengwa baadaye kwa kazi nyingine, uovu wa soko haupungui hata chembe. Kwa hiyo ingia, inama, uone jinsi sehemu kama ile inavyombana mtu pumzi, lakini umuulize mwongozaji wako swali la shangazi. Atakayekujibu kwa uwazi ndiye wa kumwamini utakapofika kanisani.

Uani kuna mnara wa kumbukumbu wa Clara Sörnäs, msanii wa Sweden, wa miaka ya mwisho ya 1990: sanamu za watu watano zimesimama ndani ya shimo, shingo zao zimeunganishwa kwa minyororo. Kaa hapo muda mrefu kuliko kundi linavyotaka kukaa. Zunguka shimo lote, uutazame uso mmoja mmoja, kwa kuwa kila uso umechongwa tofauti, na ukiwatazama kwa mbele tu unawaona kama kundi. Nimeona watu wakijipiga picha wamekaa ukingoni wakicheka. Ukiwa na watoto, waambie mapema ni mahali gani.

Sasa ingia kanisani. Jiwe la msingi liliwekwa siku ya Krismasi 1873, miezi sita tu baada ya soko kufungwa, na palepale sokoni. Aliyelijenga ni Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, aliyefika Unguja 1864 na kuwekwa kuwa askofu 1874. Inua macho uone paa. Ni tao moja refu la zege, matumbawe yaliyosagwa yakachanganywa na saruji, bila boriti za mbao. Watu wa wakati ule walitabiri litaanguka. Mbele, karibu na madhabahu, tazama sakafuni: duara la marumaru nyeupe lenye wekundu, linaloonyesha mahali ambapo kwa mapokeo ulisimama mti wa kuchapia watumwa. Nyuma ya madhabahu ndiko alikozikwa Steere mwenyewe, aliyefariki 1882. Upande wa mlangoni kuna nguzo fupi zilizosimama kichwa chini; husimuliwa kwamba mafundi waliziweka hivyo Steere akiwa safarini, naye aliporudi akaziacha. Mwongozaji atakuchekesha nazo, na ni sawa.

Kisha atakupeleka kwenye msalaba mdogo wa mbao, uliotengenezwa kwa mti wa kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya leo, ambako moyo wa David Livingstone ulizikwa chini yake mwaka 1873. Hapo maelezo hugeuka kuwa habari za Livingstone tu. Mzuie kwa upole, umuulize ni wafuasi wake gani waliouzika moyo huo. Majina yapo. Abdullah Susi, mtu wa Shupanga kwenye mto Zambezi. James Chuma, Myao aliyetolewa utumwani 1861 akiwa kijana mdogo. Jacob Wainwright, aliyejua kusoma na kuandika, ndiye aliyesoma sala na kuchonga maandishi mtini. Wao na wenzao waliukausha mwili juani, wakauvingirisha, wakaubeba kwa mabega mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Mwili ukavushwa Unguja, kisha London. Chuma alifia Unguja 1882, mwaka uleule wa Steere. Susi naye akafia hapahapa 1891. Msalaba ule ni wa watu hao kama ulivyo wa Livingstone, na mimi nikiwa na kundi langu huyataja majina yao kwa sauti mbele yake.

Nina jambo jingine ambalo waongozaji hulipita mbio, na kwangu ndilo linalonirudisha pale. Steere ndiye aliyechapisha, mwaka 1870, mkusanyiko wa hadithi za Unguja pamoja na kitabu cha sarufi ya Kiswahili. Kisa cha Punda wa Dobi na hadithi ya Sultani Darai, ambazo wengi wetu tulisimuliwa, zimo. Hakuzitunga yeye, alisimuliwa na wenyeji wa mji huu, akaandika. Vijana waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa, waliofika Unguja wakisema Kiyao, Kinyasa na Kimakua, walijifunza Kiswahili katika shule ya misheni, na baadhi wakapanga herufi kwenye mtambo wa kuchapia. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulipochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, ulikuta tayari kuna vitabu, na mikono yao ilikuwa imo. Mwanafunzi wa Mbeya au Kisumu anayefanya mtihani wa Kiswahili ana deni kwa vijana hao. Mwombe mwongozaji wako akueleze anachojua juu yao. Asipojua, mweleze wewe, na mgeni atakayemfuata atayasikia.

Kanisa lina waumini wake, kwa hiyo ukifika Jumapili utakuta ibada. Keti nyuma, usitembeetembee na kamera. Mpe mwongozaji bakshishi mkononi, hasa aliyekubali kuulizwa. Na kama bado una mchana mzima, panda daladala uende Mbweni, nje kidogo ya mji, ambako misheni ilinunua shamba 1871 kwa ajili ya walioachwa huru. Kanisa la Mtakatifu Yohana bado lipo na magofu ya shule ya wasichana yapo jirani. Kule hakuna dirisha la tiketi wala kundi la watalii. Uliza kwa watu wa kanisa, watakuonyesha makaburi na kukuambia ni familia zipi za Mbweni ya leo zilizotokana na wale wa kwanza.