Hedhi Inayokukosesha Kipindi

Dada, maumivu ya hedhi yanayokulaza kila mwezi usiambiwe tu "ndo uanamke". Yanaweza kuwa endometriosisi: tishu inayofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba inaota nje yake. Ikiota kwenye kifuko cha mayai, damu hukwama humo na kufanya uvimbe wenye majimaji mazito ya kahawia, kama chokoleti.

Mwaka 1927 Dkt. John Sampson wa Marekani alieleza kuwa damu ya hedhi hurudi nyuma kupitia mirija. Lakini hilo huwapata hata wengi wasiougua, hivyo urithi na kinga ya mwili navyo vinahusishwa.

Ultrasaundi huonyesha uvimbe huo. Vidonda vidogo nje ya kifuko huweza kuipita. Kwa hiyo majibu yakiwa safi na bado unaumwa, rudi kwa daktari, ukiwa umeandika tarehe na siku ulizokosa kipindi.