Tiketi Moja au Mbili? Hesabu ya Nauli kwa Msafiri wa Nje ya Nchi

Yapo malalamiko ya abiria ambayo hutusikitisha kwa kuwa msaada wetu hufika umechelewa. Msafiri alinunua tiketi mbili tofauti ili apunguze nauli. Ndege ya kwanza ikachelewa, ya pili ikaondoka bila yeye.

Tuchukue mfanyabiashara wa Kariakoo anayekwenda Guangzhou kupitia Dubai. Tuseme, kwa mfano tu, tiketi ya safari nzima ni shilingi 2,400,000. Akitafuta mwenyewe kwenye simu, anapata tiketi ya Dar es Salaam hadi Dubai kwa 900,000, na ya Dubai hadi Guangzhou, ya shirika jingine, kwa 1,100,000. Amebakiwa na 400,000 mkononi, au ndivyo anavyoamini.

Tofauti imo katika mkataba. Tiketi ya safari nzima ni mkataba mmoja: ndege ya kwanza ikichelewa na kumkosesha abiria ya pili, ni juu ya shirika kumtafutia nafasi nyingine bila nauli mpya. Kwa tiketi mbili, kila shirika huwajibika kwa kipande chake tu. La pili litamhesabu kuwa abiria asiyetokea, na mara nyingi nauli yote hupotea, hata kama wakati huo alikuwa angani akielekea huko huko. Hapo hulazimika kununua tiketi ya siku hiyo hiyo, ambayo kwa kawaida ni ghali mno.

Kisha kuna mizigo. Kwa tiketi moja, begi linalokabidhiwa Dar es Salaam kwa kawaida hupokelewa Guangzhou. Kwa tiketi mbili, mara nyingi mwenyewe hupaswa kulichukua Dubai na kulikabidhi upya. Na ili alifikie, sharti apite uhamiaji, jambo lisilowezekana kwa Mtanzania asiye na viza ya kuingia huko. Isitoshe, nauli nyingi za bei ya chini huuzwa bila begi, hivyo ada yake huweza kulipwa mara mbili. Zile 400,000 zaweza kwisha kabla hata ndege haijachelewa.

Hatusemi tiketi mbili zisinunuliwe kamwe. Mwenye begi la mkononi tu, aliyekwisha kupata viza na kupanga kulala Dubai usiku mmoja, anaweza kufaidika kweli. Lakini baadhi ya tovuti huziunganisha tiketi mbili zikaonekana safari moja. Dalili yake ni namba mbili za uhifadhi wa nafasi, au maelezo ya herufi ndogo kwamba abiria atajisajili upya njiani. Kabla ya kulipa, muulize wakala: je, safari yote imo katika tiketi moja, na begi litafika mwisho wa safari? Jibu na litolewe kwa maandishi.

Unafuu usio na hatari hiyo hupatikana katika tarehe. Maonyesho ya Canton hufanyika Guangzhou mara mbili kwa mwaka, kuanzia katikati ya Aprili na katikati ya Oktoba, na kila awamu huchukua takriban wiki tatu. Anayefuata bidhaa za masoko ya kawaida hana sababu ya kugombania viti na wanaokwenda kwenye maonyesho. Aulize bei ya wiki chache kabla au baada yake.