Usijaze Sufuri Kama Ulikatwa

Makomredi, Juni 2025 nilifanya lile sisi sote hufanya: saiba, shilingi mia, ritani ya sufuri, nyumbani. Kumbe mwaka wa 2024 nilikuwa nimefanya kibarua cha ofisi miezi mitatu, mshahara 40,000, na PAYE ikakatwa kila mwezi. Ukijaza sufuri umesema hukupata kitu, basi utadai nini?

Tazama hesabu. Mapato yangu ya mwaka yalikuwa 120,000. Asilimia 10 yake ni 12,000, na nafuu ya kibinafsi ya mwaka mzima ni 28,800. Sikudaiwa hata ndururu! PAYE hukatwa kana kwamba mshahara utaendelea hadi Disemba; wangu uliisha Julai.

Nikamrudia mwajiri kuomba fomu ya P9 (alinizungusha wiki mbili), nikairekebisha ritani kwenye iTax, ndipo nikaomba kurudishiwa.

Ritani hupokelewa kuanzia Januari 1 hadi Juni 30. Ukichelewa, faini ni 2,000 au zaidi. Wewe nenda mapema, ukishapata P9 yako. Machi saiba haina foleni.